Tasbihi Mbili kwa Ndoo

Mwenye kiu na anywe sasa hivi, kwa kuwa nikishaanza sitaki mtu ainuke kwenda kwenye mfereji.

Ilikuwa mwaka wa pili tangu bendera ibadilishwe, hapa Amu, mtaa wa Mkomani, nyumba ya Bi Umulkheir binti Mselem. Nyumba hiyo ndoo ya maji ilijaa kwa tasbihi moja. Bi Umulkheir hakuwa na saa wala hakujua kuisoma, basi alikuwa akiweka ndoo chini ya mfereji, anashika tasbihi yake ya punje tisini na tisa, anaanza: Subhanallah, Subhanallah. Akifika punje ya mwisho, ndoo imejaa pomoni. Miezi minne mambo yalikuwa hivyo, hata ukawa mchezo wake. Ikawa siku moja, binti yake Radhiya ana siku tisa tangu ajifungue mtoto wa kike, Bi Umulkheir akamaliza tasbihi, akatazama ndoo. Haijajaa. Imepungua vidole vinne.

Akadhani amehesabu mbio. Akamwaga, akaanza upya, polepole. Vidole vinne vilevile.

Mfereji wenyewe ulikuwa mgeni nyumbani mle. Nyumba zile za mawe za zamani kila moja ilikuwa na kisima chake ndani, kule chooni, na pembeni yake birika la kuogea. Maji unateka kisimani, unamimina birikani. Na chini kabisa ndani ya birika walijengea bakuli la kauri, la buluu na nyeupe, lililokuja kwa majahazi tangu enzi za kale, ili birika likikauka wale samaki wadogo wabakiwe na maji ya kuishi. Samaki walifugwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Sasa, kwa Bi Umulkheir kulikuwa na jambo jingine. Ndoo ya kwanza ya alfajiri haikuwa ya mtu. Ilitekwa, ikasemewa Bismillahi, ikarudishwa kisimani. Alifundishwa na mamake, na mamake alifundishwa na bibi yake. Ukiuliza ni ya nani uliambiwa, "Ya mwenyewe," na maneno yakaishia hapo.

Alipofiwa na dadake kule Kizingitini, Bi Umulkheir alikwenda akakaa wiki nne. Akarudi nyumbani akakuta mkwewe, Abdulghafur, mume wa Radhiya, amevuta maji ya bomba. Birika limevunjwa. Kisima kimefunikwa kwa mfuniko wa simiti, mzito kama jiwe la kaburi, na bomba limepitishwa juu yake. Lile bakuli limesuguliwa likang'aa, limewekwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, liangaliwe na wageni.

"Nimekupumzisha magoti, mama," Abdulghafur akasema, na uso wake umejaa furaha. Alikuwa kijana mwema, karani, apendaye vitu vipya.

"Na samaki?"

"Nimewarudisha kwao. Niliwamwaga kisimani kabla ya kuweka mfuniko."

Bi Umulkheir alifungua kinywa aseme neno. Kisha akafungua mfereji. Maji yakatoka kwa nguvu, baridi, masafi, pasi kamba wala kuinama. Magoti yake yalikuwa yakimuuma miaka saba. Akafunga kinywa. Na kosa, wanangu, msimtupie mkwe peke yake. Nusu yake ilikuwa hapo.

Basi vidole vinne vikawa nusu ndoo. Wiki haijesha, ndoo ikawa haijai ila kwa tasbihi mbili, na mfereji watoa maji membamba kama uzi wa kushonea kofia. Na nyumba yenye mzazi yataka maji! Nguo za mtoto, maji ya kumkanda mama, vyombo vya wageni wanaokuja kuona mtoto. Bi Umulkheir alikaa juu ya kibao chake mbele ya mfereji, anahesabu na kusonya, anasonya na kuhesabu, mpaka Subhanallah zikachanganyika na matusi ikabidi aanze upya.

Jirani yake, Bi Barka, alichungulia dirishani ng'ambo ya kichochoro.

"Wangu watoka kama mvua ya masika, Umulkheir. Huo wako labda una haya."

"Barka, nikikutupia ndoo hii utaona haya ni kitu gani."

"Nitupie. Si haina maji?"

Akaitwa fundi. Aliitwa Wanyama, mtu wa bara, mrefu mpaka akiingia mlangoni huinama mara mbili. Alikuja na gunia la spana, akavua viatu bila kuambiwa, na kwa hilo Bi Umulkheir akampenda.

"Hii maji inatoka mbaya tangu lini, mama?"

"Mai hayatoki mabaya, fundi. Yatoka machache."

"Hiyo hiyo."

Kwanza akaenda kwa Bi Barka, akafungua mfereji wake, akaona una nguvu. Akasema basi ugonjwa haumo mtaani, umo ndani ya nyumba. Akatazama koki ya kichochoroni, iko wazi yote. Akafungua mfereji, akatoa kile kipande cha ngozi cha ndani, kimevimba. Akaweka kipya. Maji yakaruka, ndoo ikajaa kwa tasbihi moja kasoro punje sita, na Bi Umulkheir akampa fundi kahawa na halua kwa mkono wake mwenyewe.

Siku mbili. Ya tatu, uzi wa kofia.

Wanyama akarudi. Akafungua viungo, akagongagonga mabomba kwa nyundo, kukatoka kutu na mchanga konzi nzima. "Ndiyo huyu mwizi," akasema, akamwonyesha. Maji yakarudi. Siku moja tu, yakapungua. Akarudi tena, akasema hewa imekwama kwenye kona, maji hayapiti. Akalegeza kona, hewa ikalia fyuu, maji yakaja. Hilo la hewa halikufika hata magharibi.

"Fundi," Bi Umulkheir akamwambia, "wewe watibu au wabembeleza?"

"Mama, hata mimi nashangaa. Bomba ni mpya. Bomba mpya haizeeki kwa miezi nne."

Aliyeona jambo lenyewe alikuwa Radhiya. Alikuwa amelala ndani, katika arobaini yake, na mtoto, Ummu, ubavuni. Mamake alipoingia na uji wa mchele alimkuta anatokwa na machozi bila sauti.

"Mama, niseme jambo usinicheke?"

"Sema."

"Mfereji ukipungua, nami napungua."

"Wapungua nini?"

Radhiya akashika kifua. "Siku fundi akitengeneza, Ummu ashiba, alala. Mai yakipungua tu, huvuta, huvuta, hapati kitu. Nimehesabu, mama. Siku zote ni vivyo hivyo. Hata sipo karibu na mfereji mimi, najua umepungua. Nausikia hapa."

Bi Umulkheir hakucheka. Akamfungua mtoto nguo akamtazama vizuri, akaona kile ambacho kwa shughuli za ndoo na mafundi hakukiona: mbavu. Mtoto wa siku ishirini, unaweza kumhesabu mbavu. Wakamchukua kwa daktari, akasema hana ugonjwa, ana njaa. Wakampa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, akayatapika. Wakamtafutia mama mwingine wa kumnyonyesha, akageuza uso ukutani. Alitaka titi la mamake tu, na titi la mamake lilikwenda na mfereji.

Toka siku ile Bi Umulkheir hakuhesabu tena kwa mchezo. Kila tasbihi aliyoizidisha, alijua ni nyama ya mjukuu wake.

Akampelekea Wanyama mtu asubuhi ya kesho yake. "Usiniambie habari ya ngozi wala kutu," akamwambia. "Nataka ujue mai yangu yaishia wapi."

Wanyama akafanya jambo la akili. Akakata bomba mahali pawili, kabla ya kisima na baada ya kisima. Akaweka ndoo kwenye mkato wa kwanza. "Hesabu, mama." Bi Umulkheir akahesabu. Tasbihi moja. Akaunga pale, akaenda kwenye mkato wa pili, hatua nne mbele, upande wa pili wa mfuniko. "Hesabu." Moja, ikaisha. Mbili, ikaisha. Ya tatu, ikawa yakaribia kuisha ndipo ndoo ikajaa.

Fundi akashika bomba lile la hatua nne, akalipapasa juu, chini, pande zote. Kavu. Sakafu kavu. Simiti kavu.

"Maji inaingia hapa," akasema polepole, "inatoka pale. Haivuji. Na haifiki." Akajifuta uso. "Sasa inaenda wapi?"

"Waniuliza mimi?"

Akalitupa bomba lile, akaweka jingine jipya kabisa. Hali ileile. Basi akalala kifudifudi juu ya mfuniko, akaweka sikio juu ya bomba. Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama utosini, kichochoro kimya, watu wamefunga milango. Bi Umulkheir alimwona fundi anakunja uso, kisha uso unakunjuka, kisha unakuwa wa rangi ya jivu. Akainuka, akakusanya spana zake moja moja.

"Umesikia nini?"

"Hakuna, mama."

"Wanyama. Mimi ni mama yako. Umesikia nini?"

"Kuna mtu anakunywa."

Akatoka bila viatu vyake. Viatu vilibaki mlangoni.

Abdulghafur aliposikia alikasirika. "Mama, huyu fundi kashindwa kazi, sasa atafuta kisingizio. Mambo haya ni ya kale. Sasa hivi watu wapanda ndege."

"Na mwanao apanda nini, mwanangu? Njoo umtazame."

Hakutaka kumtazama. Hasira yake yote, nadhani, ilikuwa hiyo. Akamfuata Wanyama mwenyewe, akamwomba wapitishe bomba njia nyingine, juu ukutani, mbali na kisima. Fundi alikubali kwa sharti afanye kazi asubuhi na awe na mtu pembeni, na viatu vyake mlangoni alivipita bila kuvigusa. Wakapitisha. Maji yakaja kwa nguvu, tasbihi moja kamili, siku tatu mfululizo. Ummu akanyonya, akalala, akanyonya. Abdulghafur akatembea mtaani kifua mbele, na Bi Umulkheir akaanza kujiambia kwamba labda kweli amezeeka, anaogopa bomba.

Siku ya nne, adhuhuri, Radhiya amelala, Abdulghafur kazini, Bi Umulkheir alikwenda na ndoo yake, akakaa kwenye kibao, akafungua mfereji. Uzi wa kofia. Akaona mdomo wa mfereji umezungukwa na utelezi wa kijani, duara, kama mahali palipowekwa midomo pakanyonywa, na pana harufu ya nywele mbichi zilizokaa muda mrefu bila jua. Akaufuta kwa leso. Akashika tasbihi ili moyo utulie, akavuta punje ya kwanza, Subhanallah, na ndani ya mfereji akasikia, gu. Akavuta ya pili, gu. Akavuta ya tatu kwa haraka, nayo ikaja kwa haraka, gu. Akasimamisha kidole juu ya punje ya nne, hakuivuta, na kule ndani kukawa kimya, kimya cha mtu aliyeshikilia funda mdomoni akingoja, na maji yakasimama nayo, tone moja limening'inia pasi kuanguka, na Bi Umulkheir akakaa hivyo, kidole juu ya punje, jasho lamteremka mgongoni, hajui akivuta itakuwaje wala asipovuta itakuwaje, mpaka kule ndani chumbani, nyuma ya pazia, akasikia sauti ndogo ya mjukuu wake, wala si ya kulia, ni sauti ya koo la mtoto linalomeza mate matupu, gu, na ikabidi aivute, na tone likaanguka, na vyote viwili, mfereji na mtoto, vikameza pamoja.

Akakimbia ndani. Ummu alikuwa macho wazi, midomo inacheza. Pembeni mwa mdomo wake palikuwa na utelezi wa kijani.

Siku ileile akaitwa Mwalimu Kamaludin. Alikuwa mzee mfupi, msomi wa vitabu, na hakuwa mtu wa mbwembwe. Hakutaka kuku wala nguo nyekundu. Akaandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, akatia maji ya kutoka kwa Bi Barka, akaiweka juu ya mfuniko wa simiti, akakaa kusoma. Abdulghafur alisimama mlangoni amekunja mikono. Mwalimu akasoma, na maji ya sahani yakapungua. Hayakumwagika, sahani haikutikisika. Yalishuka tu, kama ya kikombe kinachonywewa kwa adabu, mpaka ikabaki zafarani kavu.

Abdulghafur akakunjua mikono.

"Mlikuwa mkimpa nini?" Mwalimu akauliza.

Bi Umulkheir akamwambia habari ya ndoo ya kwanza, na bakuli, na samaki.

"Na tangu mfuniko?"

"Hapana kitu, mwalimu." Akainamisha kichwa. "Nilisahau. Hapana, naongopa. Sikusahau. Nilichoka kuteka."

Mwalimu akavuta pumzi. "Huyu si mkorofi, Bi Umulkheir. Huyu ana kiu. Mkorofi ningemfukuza. Mwenye kiu nimfukuze aende wapi? Amefungiwa ndani na njia mmempa ni moja, hilo bomba, nalo halimtoshi, basi ashika na jingine." Akatazama upande wa chumba cha Radhiya. "Kifungueni kisima kesho, jua likiwa juu. Mpeni maji mpaka atosheke. Lakini sikizeni sana. Mpeni maji, msimpe neno. Msimwombe, msimwahidi. Maji yana mwisho wake. Neno hamjui litaishia wapi."

Kesho yake Wanyama akaja na mtaimbo. Viatu vyake alivikuta vimefutwa vumbi, vimewekwa juu ya mkeka. "Mama, mimi ni Mkristo," akasema. "Lakini hii bomba imenitukana, na mimi nataka kujua." Wakapiga simiti, yeye na Abdulghafur, wakapiga mpaka mikono ikatoka malengelenge, na kila kipande kilichobanduka kilikuwa na unyevu upande wa chini, kama kimelambwa. Mfuniko ukatoka.

Wakachungulia. Kisima kile, ambacho tangu babu wa babu hakijapata kukauka hata mwaka wa njaa, kilikuwa kikavu. Chini mlikuwa na mchanga mweupe, na juu ya mchanga mifupa ya samaki wadogo, imepangwa duara, vichwa ndani, vizuri, kama mtu aliyekula kwa kungoja akijua hatapata wengine. Na harufu iliyopanda haikuwa ya tope. Ilikuwa harufu ya kichwa cha mtoto mchanga, ya maziwa.

"Astaghfirullah," Abdulghafur akasema, akakaa chini pale pale sakafuni. "Mama, nimefanya nini?"

"Inuka uteke maji. Utalia baadaye."

Wakapanga watu kutoka kwa Bi Barka mpaka kisimani, ndoo inapita mkono kwa mkono kichochoroni, wanawake wa mtaa wamefunga leso viunoni, na Bi Barka, ambaye hajapata kunyamaza maisha yake, kimya. Ndoo ya kwanza ikamwagwa, Bismillahi. Hawakusikia maji kugonga chini. Walisikia, gu. Ya pili, gu. Ya kumi. Ya ishirini. Mwalimu anasoma, Wanyama anamimina, shati limemganda mwilini, na kisima chapokea tu, wala mchanga haulowi. Ndoo ya arobaini ikapita.

"Haijai, mama," Wanyama akanong'ona. "Hii haitajaa."

"Mimina," Mwalimu akasema. "Atatosheka. Mimina."

Hapo ndipo Radhiya alipoita, na sauti ile waliokuwepo walisema wataisikia mpaka kaburini. "Mama! Mama, Ummu baridi! Mama, ameza hapumui!"

Bi Umulkheir akakimbia, akamkuta mtoto amelegea mikononi mwa mamake, midomo ya buluu, na koo lake dogo linakwenda kwa mwendo ule ule wa kisimani, gu, gu, bila kituo cha kuvuta pumzi katikati, kila ndoo inayomwagwa kule, funda huku. Akarudi mbio chooni, akamsukuma fundi, akapiga magoti, yale magoti yake mabovu, kwenye ukingo wa kisima, akainamisha kichwa ndani ya giza lile lenye harufu ya mjukuu wake.

"Bi Umulkheir!" Mwalimu akapaza sauti. "Usiseme neno!"

Lakini nani kati yenu angenyamaza? Mimi nisingenyamaza.

"Ewe mwenyewe," akasema, "nimekosa. Nilichoka nikakunyima haki yako. Niachie mtoto. Niachie, na kila kitiririkacho ndani ya nyumba hii tutagawana, nusu yetu, nusu yako. Naapa kwa jina la mamangu aliyekutekea. Nusu yako."

Kukawa kimya. Kisha chini kabisa wakasikia maji yakikutana na maji.

Na chumbani Ummu akalia. Kilio cha mtoto mwenye hasira na njaa, cha kupasua masikio, na wanawake kichochoroni wakaanza kulia naye. Mwalimu Kamaludin peke yake hakufurahi. Alifunga kitabu chake, akamtazama Bi Umulkheir kwa huruma, akasema tu, "Umetaja maji, au umetaja kila kitiririkacho?" Bi Umulkheir alikuwa ameshakimbilia kwa mjukuu wake, hakusikia.

Birika likajengwa upya. Bakuli likatolewa kwenye zidaka, Abdulghafur mwenyewe akalishika kwa mikono miwili kama atoaye maiti, likarudishwa chini mahali pake, na samaki wakatafutwa wapya. Ndoo ya kwanza ya alfajiri ikarudi, na anayeiteka alikuwa karani yule yule wa vitu vipya, kila siku, kabla ya kwenda msikitini. Mfereji ukaachwa. Wanyama akaja kuukagua mara ya mwisho, akaufungua.

"Hesabu, mama."

Bi Umulkheir akahesabu. Tasbihi moja ikaisha, ndoo iko nusu. Ya pili ikaisha, ndoo imejaa, pomoni, hata punje moja haikuzidi.

Fundi akakuna kichwa. "Bado ni nusu. Naweza kujaribu tena, mama. Nibadilishe ile koki ya nje..."

"Wacha, mwanangu."

"Lakini nguvu iko kule nje! Mimi najua iko!"

"Yajulikana iliko. Keti unywe kahawa."

Mfereji ule umebadilishwa mara nne tangu siku hizo, na mafundi wanne tofauti, kila mmoja akiapa ataupa nguvu. Mpaka leo ndoo ni tasbihi mbili.

Ummu aliishi. Akanenepa, akatambaa, akawa mtoto wa vituko. Lakini alinyonya titi la kushoto tu. La kulia hakulitaka hata siku moja. Akigeuzwa huko alilia na kujificha uso. Radhiya alidhani ni kawaida, watoto wana upande wao. Kisha akaona kwamba titi lile la kulia, ambalo mtoto haligusi, jioni hujaa mpaka lauma, na akiamka alfajiri limekwisha, jepesi, na leso yake upande ule ina duara dogo la utelezi wa kijani.

Akamwambia mamake. Bi Umulkheir alishika tasbihi mkononi, haihesabu.

"Mtoto apata nusu yake?" akauliza mwishowe.

"Apata, mama."

"Ashiba?"

"Ashiba."

"Basi mwache."

Ummu alipotimiza miaka miwili akaachishwa. Titi la kushoto likakauka, kama la kila mama. La kulia halikukauka. Mwaka ukapita, miwili, mitano. Ummu akaenda chuoni, akahitimu, akaolewa, akazaa wake. Radhiya nywele zimekuwa nyeupe, na bado hulalia ubavu wa kushoto, na bado kila jioni hujaa, na kila alfajiri yamekwisha.

Siku mamake yu mgonjwa wa kufa, Radhiya alimshika mkono, akamwuliza lile ambalo hakuthubutu kuuliza miaka yote.

"Mama, hata lini?"

Bi Umulkheir akageuza uso, machozi yakateremka kwenye mto. "Nilimwambia nusu, mwanangu," akasema. "Sikumwambia mpaka lini."

Haya. Sasa mwenye kiu na aende akanywe. Ila amwage kidogo kwanza, na asiseme kitu.